Somo la Historia: Ni Nani Waliokaa Serengeti?

(Maneno haya yalisomwa redioni katika masomo ya watu wazima. Yamepigwa chapa hapa ili mwanafunzi ayasome polepole, na mwalimu ayatumie darasani.)

Kaa vizuri, shika kalamu na daftari lako. Kama umeketi darasani pamoja na wenzio, basi mmoja wenu na aende ubaoni, atuchoree ramani ndogo.

Upande wa kushoto wa ubao, chora Ziwa Viktoria. Upande wa kulia, chini kidogo, chora duara. Duara hilo ni kreta ya Ngorongoro, yaani shimo kubwa lililobaki baada ya mlima wa moto wa zamani kuporomoka. Katikati ya ziwa na duara hilo umeacha nafasi kubwa. Nafasi hiyo ndiyo Serengeti.

Jina hilo limetoka katika lugha ya Kimaasai. Maana yake ni mahali palipo wazi, ambapo nchi huendelea mbele bila mwisho. Hifadhi ya Serengeti ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763. Ukitoka Arusha kwa gari, utapita Karatu, utapanda ukingo wa Ngorongoro, kisha utashuka mpaka kwenye mbuga yenye nyasi fupi. Huko hakuna mji wala shamba. Macho yako yataona nyasi, anga, na wanyama.

Wageni wengi hufika hapo kutoka nchi za mbali. Wakitazama mbuga ile husema, "Hapa ndipo mahali ambapo binadamu hakupata kukaa." Je, maneno hayo ni kweli? Hilo ndilo swali letu la leo.

Majabali yanayosema

Twende kwanza mahali paitwapo Moru, ndani ya hifadhi. Huko kuna majabali makubwa yaliyosimama katikati ya nyasi kama visiwa katika bahari. Katika jabali moja utaona picha zilizochorwa kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Ni picha za ngao, kama zile walizochukua vijana wa Kimaasai walipokwenda vitani. Si mbali na hapo kuna jiwe kubwa lenye mashimo madogo madogo. Ukiligonga kwa jiwe jingine hulia kama kengele. Mashimo yale yametokana na kugongwa na mikono ya watu kwa miaka mingi.

Basi fikiri, ndugu yangu. Simba hachori ngao, na nyumbu hagongi kengele. Watu walikuwapo.

Ni watu gani? Kabla ya Wamaasai, mbuga za mashariki na nyanda za juu za Ngorongoro zilikuwa malisho ya Wadatoga, ambao wengine huwaita Wamang'ati. Katika karne ya 19 Wamaasai waliwashinda, wakaishika nchi ile. Upande wa magharibi, kuelekea ziwani, walikaa Waikoma, Wanata, Waishenyi, Wangoreme na jirani zao. Hao walilima mtama na ulezi, walifuga, tena walikuwa wawindaji hodari wa kutumia mishale na mashimo ya kutegea.

Watu hao waliijua nchi yao vizuri. Nitakupa mfano mmoja. Kila mwaka, yapata mwezi wa Februari, nyumbu huzaa katika mbuga ya nyasi fupi. Ndama wao hubeba ugonjwa usiowadhuru wenyewe, lakini huua ng'ombe. Wamaasai walilijua jambo hilo. Kwa hiyo wakati nyumbu wanapozaa, wao huwaondoa ng'ombe wao na kuwapandisha nyanda za juu. Nyumbu wakiondoka, ng'ombe hurudi. Mfugaji na mnyama wa porini walipeana zamu.

Mwaka wa sotoka

Sasa andika neno hili katika daftari lako: sotoka. Sotoka ni ugonjwa wa ng'ombe. Uliingia Afrika katika mwaka 1887 pamoja na ng'ombe walioletwa Eritrea kwa ajili ya majeshi ya Waitalia. Kutoka huko ulishuka kusini kama moto wa nyikani. Kufika mwaka 1891 ulikuwa umeingia katika nchi ya Wamaasai.

Ng'ombe walikufa karibu wote. Nyati na nyumbu nao walikufa. Mfugaji akikosa ng'ombe, hana maziwa, hana mahari, hana cha kubadilishana kwa nafaka. Njaa ikaingia. Nyuma ya njaa ikaja ndui. Wamaasai huyaita majira hayo Emutai, yaani wakati wa kumalizika kabisa. Mwaka 1892 msafiri mmoja wa Austria, jina lake Oscar Baumann, alipita Ngorongoro, akawakuta watu waliokondeana kwa njaa wakiomba chakula.

Tazama matokeo yake. Watu wengi walikufa, na wengine wakahamia kwa jirani. Mahali ambapo ng'ombe walikuwa wakila majani, vichaka viliota. Katika vichaka wakaingia mbung'o, na palipo na mbung'o ni vigumu kufuga. Kwa hiyo Wazungu waliokuja baadaye kupima nchi na kuwinda waliona sehemu kubwa isiyo na watu. Wakadhani imekuwa hivyo tangu mwanzo wa dunia. Walikosea. Ni kama mtu aliyefika katika nyumba baada ya msiba, akakuta milango wazi na jiko limezimika, akasema, "Nyumba hii haikuwa na mwenyewe."

Sheria na karatasi

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliitawala Tanganyika. Wawindaji kutoka ng'ambo walikuja na bunduki na kuua simba wengi mno. Mwaka 1929 serikali ilifanya sehemu ya Serengeti kuwa mahali pa kulinda wanyama. Mwaka 1948 ilitunga sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka 1951 Hifadhi ya Serengeti ikaanza kazi. Wakati huo kreta ya Ngorongoro ilikuwa ndani ya hifadhi, na Wamaasai waliokaa humo waliambiwa kwamba haki zao za kukaa hazitaguswa.

Lakini miaka michache baadaye ugomvi ulizuka. Walinzi wa wanyama walisema kwamba ng'ombe na wanyama hawawezi kuwa pamoja. Wamaasai walisema kwamba wamekuwa pamoja siku zote. Serikali ilileta wataalamu, ikaunda kamati. Mwishowe ikaamua kuigawa nchi ile sehemu mbili. Upande wa magharibi uwe hifadhi isiyo na wakazi. Upande wa mashariki, pamoja na Ngorongoro, uwe mahali ambapo watu, mifugo na wanyama watakaa pamoja.

Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimaasai walikubali katika hati kwamba wataondoka Serengeti ya magharibi pamoja na watu wao na mifugo yao. Hati hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 1959 wakahama, na Ngorongoro ikawekewa sheria yake. Mwaka huo huo Gavana aliwaambia viongozi wa Kimaasai kwamba huko Ngorongoro, kama haja za watu na haja za wanyama zikipingana, haja za watu zitatangulia.

Hapo, ndugu mwanafunzi, simama kidogo ufikiri. Wewe umekuja darasani kujifunza kusoma. Wazee wale walikuwa na akili, na walijua kujadiliana mambo makubwa kwa siku nyingi chini ya mti. Lakini hati ilikuwa katika lugha ya watawala. Hata leo wako Wamaasai wasemao kwamba wazee 12 hawakuweza kutoa nchi ya watu wote, na kwamba maana ya hati ile haikueleweka kwa wote. Wako na wengine wasemao kwamba mapatano ni mapatano. Sisi hatuwezi kuamua shauri hilo hapa. Lakini twaweza kujifunza jambo moja: neno la baraza hukumbukwa na waliolisikia, na neno la karatasi hushikwa na yule awezaye kulisoma.

Waikoma na jirani zao wa magharibi nao hawakusalimika. Uwindaji ambao kwa baba zao ulikuwa kazi ya heshima, sasa uliitwa wizi mbele ya sheria.

Mwaka huo huo wa 1959 mambo mawili zaidi yalitokea. Mwezi wa Januari, kijana Mjerumani Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama kwa ndege pamoja na baba yake Bernhard, aligongana na tai angani, akaanguka, akafa. Amezikwa ukingoni mwa kreta. Kitabu na filamu yao kuhusu Serengeti vilienea duniani, na watu wengi wa mbali wakapenda kuisaidia. Mwezi wa Julai, katika bonde la Olduvai, Mary Leakey aliona fuvu la kiumbe wa jamii ya binadamu, lenye umri wa miaka karibu milioni moja na laki nane. Basi katika mwaka ule ule ambao watu waliondolewa katika mbuga, ardhi jirani ilitoa ushahidi kwamba jamii ya binadamu ilikuwapo hapo tangu zamani mno.

Ng'ombe waliowaponya nyumbu

Sasa nitakueleza jambo ambalo wengi hawalijui. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyumbu wa Serengeti walikuwa yapata laki mbili na nusu. Kufika mwaka 1977 walikuwa yapata milioni moja na laki tatu. Waliongezeka kwa sababu gani? Wengine hudhani ni kwa sababu watu waliondoka. Wataalamu walipochunguza waliona sababu kubwa ni nyingine. Ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi walikuwa wamechanjwa dhidi ya sotoka. Ng'ombe walipopona, ugonjwa haukupata tena njia ya kuwarudia nyumbu. Ndama wa nyumbu wakaishi.

Umeona? Mganga wa mifugo aliyemchanja ng'ombe kijijini alimponya na nyumbu porini. Na mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imekwisha kabisa. Ni ugonjwa wa pili kufutwa duniani, baada ya ndui.

Mpaka leo

Habari hizi hazikuishia zamani. Watu wa Ngorongoro walikuwa kama 8,000 mwaka 1959. Hesabu ya mwaka 2017 ilipata zaidi ya 90,000. Serikali ikasema kwamba watu na mifugo wamezidi, nchi imechoka. Tangu mwaka 2022 imewahamisha waliojiandikisha kwenda Msomera, wilaya ya Handeni, na kuwapa nyumba na mashamba. Wako waliokwenda. Wako pia waliokataa, wakikumbusha ahadi ya mwaka 1959, na kusema kwamba hawana nyumbani kwingine.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wanakuja Serengeti, na fedha zao husaidia nchi nzima kujenga shule na barabara. Hilo ni jambo jema. Wanyama nao ni mali ambayo ikipotea haipatikani tena sokoni. Lakini methali ina sehemu mbili. Mgeni akifika, hapana budi tuulize: je, mwenyeji naye amepona?

Siku utakayopata nafasi ya kuitembelea mbuga ile, nenda. Tazama nyumbu, tazama simba. Kisha mwombe kiongozi wako akupeleke Moru uzione zile ngao zilizochorwa. Simama mbele yake ukumbuke kwamba nyumba ile ilikuwa na wenyewe.

Maneno mapya. Yaandike mara tatu kila moja: sotoka, mbung'o, hati, mapatano, hifadhi.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini Wazungu waliofika baada ya sotoka walidhani Serengeti haikuwa na watu?
2. Wamaasai waliwaondoa ng'ombe wao mbugani wakati gani, na kwa sababu gani?
3. Eleza jinsi chanjo ya ng'ombe ilivyowasaidia nyumbu.
4. Je, katika kijiji chenu kuna mahali ambapo watu walihama zamani? Waulize wazee habari zake, uziandike, uje uzisome mbele ya wenzako.

Mpaka somo lijalo, kwaheri, ndugu mwanafunzi.