Kunasa na Kupambanua

Jirani yangu, mama anayeuza mboga katika soko la Machakos, alinionyesha karatasi ya maabara aliyoikunja mara nne na kuihifadhi kwenye kibeti. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu: Widal, 1:160. Chini yake dawa za wiki mbili.

"Nimepatikana na taifodi tena, mwalimu," akaniambia.

Neno lililonishtua ni hilo "tena". Ilikuwa mara ya tatu chini ya miaka miwili, na kila mara alikuwa ameuza mboga kwa hasara ili anunue dawa. Nilimuuliza kama pale alipopimwa walimweleza kipimo hicho kinaaminika kiasi gani. "Walisema ni sahihi," akajibu. "Damu haidanganyi."

Damu haidanganyi, nakubali. Ila kinachozungumza kwenye karatasi ile ni kipimo, wala si damu, na kipimo kina namna mbili za kukosea. Kinaweza kumwambia mgonjwa kwamba hana ugonjwa. Kinaweza pia kumwambia asiyeugua kwamba anaugua. Neno letu "usahihi" linayafunika makosa yote mawili kwa blanketi moja, na hapo ndipo jirani yangu anapopotelea.

Wataalamu waliyatenganisha zamani. Mwaka 1947, mtakwimu Jacob Yerushalmy wa Marekani, akiwa anachunguza jinsi madaktari wanavyosoma picha za eksirei za kifua, alipendekeza pande hizo mbili zipimwe kila moja kwa kipimo chake. Moja akaiita kwa Kiingereza sensitivity, ya pili specificity. Tangu hapo hakuna anayeandika kwa makini juu ya kipimo cha malaria, kala-azar au homa ya matumbo bila kutaja tarakimu mbili.

Kwa Kiswahili nimekuta maneno hayo yakitafsiriwa "unyeti" na "umahususi". Sina ugomvi na waliotangulia kuyatumia, lakini nayaona yamebeba sura ya Kiingereza bila kubeba maana yake. Unyeti kwetu ni wa habari isiyosemwa hadharani, au wa sehemu za mwili zinazositiriwa. Mwambie mgonjwa kwamba kipimo kina unyeti wa 85, atadhani kinataka kufichwa. Umahususi nao unaeleza kitu kilichotengwa kwa kazi fulani; hauelezi kwamba kipimo hakimsingizii asiye na ugonjwa. Msomaji anayafahamu maneno yote mawili na bado haambulii kitu.

Mimi napendekeza "unasaji" na "upambanuzi".

Nimeutoa mfano kwenye tanzi, na waliokulia Ukambani watanielewa upesi. Mtoto anatega tanzi la kwale kando ya shamba. Tanzi zuri lina sifa mbili. Ya kwanza, kwale akipita, linamnasa. Ya pili, kuku wa jirani akipita, linamwacha aende zake. Tanzi linaweza kuwa hodari katika la kwanza na likashindwa kabisa katika la pili: linanasa kila chenye miguu miwili, na jioni mtoto anarudi nyumbani na kwale mmoja na kesi ya kuku watatu.

Unasaji, basi, ni hesabu inayofanywa kwa wagonjwa peke yao: kati ya watu 100 walio na ugonjwa kweli, kipimo kimewanasa wangapi? Upambanuzi ni hesabu ya wasio na ugonjwa: kati ya watu 100 wasio nao, kipimo kimewapambanua wangapi kwa haki na kuwaachilia? Kitenzi kunasa tayari kimezoea kazi za kitaalamu. Tuna kinasa sauti, na hakuna aliyelalamika. Kuhusu upambanuzi, rafiki yangu mmoja mfasiri ananiambia wasomaji watausikia kama kupambana. Sidhani. Kila mwanafunzi aliyejibu swali la fasihi amewahi kuambiwa apambanue jambo, na alijua anatakiwa kutenga hiki na kile.

Sasa turudi kwenye karatasi ya jirani yangu. Kipimo cha Widal kina jina la Fernand Widal, daktari Mfaransa aliyekieleza mwaka 1896. Hakitafuti bakteria wa homa ya matumbo, yaani taifodi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupigana na bakteria hao: maji ya damu huchanganywa na bakteria waliouawa, na kingamwili zikiwapo, mchanganyiko hugandamana vidonge vidonge. Tarakimu 1:160 ina maana kwamba maji hayo yalizimuliwa mpaka sehemu moja katika 160, na bado yakagandisha.

Tatizo ni kwamba askari hawaondoki vita vinapokwisha. Aliyeugua zamani anaweza kubaki nao kwa muda mrefu. Aliyechanjwa anaweza kuwa nao. Aliyeambukizwa salmonela wa aina nyingine, ndugu wa yule wa homa ya matumbo, anaweza kuwa na askari wanaofanana. Mahali ambapo maji safi ni ya shida na watu wamekutana na bakteria hawa tangu utotoni, Widal moja iliyochukuliwa siku moja ni tanzi linalonasa kuku wengi. Upambanuzi wake ni duni. Kipimo kinachoaminika zaidi ni kuotesha bakteria kutoka kwenye damu yenyewe. Hicho nacho kina udhaifu wake, ila uko upande wa pili: hunasa takriban wagonjwa 60 tu kati ya 100, huchukua siku kadhaa, na huhitaji maabara yenye vifaa. Lakini kikimnasa mtu, huyo anaugua kweli. Tazama jinsi vipimo viwili vya ugonjwa mmoja vinavyokosea kwa njia zinazopingana. Neno "usahihi" lingewezaje kulieleza hilo?

Malaria ina mfano ulio wazi zaidi, na wa hapa nyumbani. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti kuhusu darubini za malaria katika vituo vya afya vya serikali nchini Kenya, kwa wagonjwa watu wazima na watoto wakubwa. Slaidi zilizosomwa vituoni zilisomwa upya na wataalamu. Unasaji ulikuwa asilimia 68.6, upambanuzi asilimia 61.5. Tarakimu hizo hazionekani mbaya sana mpaka uulize swali analouliza mgonjwa mwenyewe: nimeambiwa nina malaria, je, ninayo? Kati ya kila watu 100 walioambiwa wanayo, walioiugua kweli walikuwa kama 22. Waliobaki walimeza dawa za ugonjwa usiokuwapo, na homa yao halisi, iwe nimonia au kitu kingine, ikaachwa iendelee.

Hesabu hiyo ya mwisho naiita "uzito wa jibu". Wengine huiita thamani ya utabiri, ingawa maabara haitabiri lolote. Inapima kilichopo leo. Uzito wa jibu haukai ndani ya kipimo. Hubadilika kwa kuhama mahali, na jambo hili linatugusa sisi wa Machakos kuliko ndugu zetu wa Busia au Siaya. Utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2020 ulikuta ukanda wa ziwa ukiwa na maambukizi ya asilimia 19 kwa watoto, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 6. Huku kwetu milimani malaria ni chache.

Tuseme kipimo kina unasaji wa 95 na upambanuzi wa 95, kipimo kizuri kwa kila hali. Kipeleke mahali ambapo katika watu 1,000 wenye homa, 300 wana malaria. Kitanasa 285 walio nayo na kuwasingizia 35. Jibu la "unayo" lina uzito. Sasa kilete kipimo hicho hicho mahali ambapo wenye malaria ni 20 katika 1,000. Kitanasa 19, na kitawasingizia 49. Zaidi ya theluthi mbili ya walioambiwa wanaugua hawaugui. Kipimo hakikubadilika hata chembe; kilichobadilika ni watu waliopita mbele ya tanzi.

Lakini isidhaniwe kwamba hatari iko upande wa kusingizia tu. Huko Masinga, kaskazini mashariki mwa kaunti hii, kala-azar imejulikana kwa miaka mingi, kama ilivyo kwa jirani zetu wa Kitui waliopigwa na mlipuko mkubwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ugonjwa huu huenezwa na mdudu mdogo kuliko mbu, anayependa kujificha kwenye vichuguu. Homa haiishi, mwili unakonda, wengu linavimba, na asiyetibiwa kwa kawaida hufa. Njia ya zamani ya kuuhakikisha ni kuchoma wengu kwa sindano na kutafuta vimelea, jambo ambalo likienda vibaya mgonjwa huvuja damu ndani. Ndiyo sababu kipimo cha damu cha haraka, kinachoitwa rK39, kilipokelewa kwa furaha.

Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha kwamba India na jirani zake rK39 hunasa wagonjwa 97 kati ya 100. Afrika Mashariki hunasa 85. Boksi ni lile lile, maelekezo ni yale yale, lakini wanaoponyoka huko ni 3 na huku ni 15. Kwa ugonjwa unaoua, hao 15 ni watu wa kurudishwa na kupimwa kwa njia nyingine, si wa kurudishwa nyumbani na panadoli. Muuguzi wa Masinga anayeijua tarakimu ya India peke yake hatajua hilo.

Kwa hiyo nawaomba wanaotafsiri maelekezo ya vipimo, wanaoandika vipeperushi vya kaunti na wanaofundisha wahudumu wa afya vijijini: msituandikie tena kwamba kipimo ni "sahihi kwa asilimia" fulani. Tupeni tarakimu mbili, ya unasaji na ya upambanuzi, na mtaje zilipatikana wapi. Kama mna maneno bora kuliko haya yangu, yaleteni tuyatumie, mradi yawe mawili. Nawe msomaji, siku utakapopewa karatasi kama ile ya jirani yangu, muulize aliyekupima: kama sina ugonjwa huu, kipimo chako kingenisingizia mara ngapi katika mia?