“Dada poa” wa runingani

Dada poa ni jina ambalo vipindi vya mahojiano vya runinga hupenda kumpa mwanamke anayefanya biashara ya ngono. Halina ukali wa malaya wala kejeli ya changudoa, lililotokana na samaki wa jamii ya changu. Upole wenyewe huishia kwenye jina: mgeni hufichwa uso, sauti hubadilishwa, kisha huulizwa alianzaje na hulipwa kiasi gani. Mteja haitwi studioni.

Mkoa wa Kagera unaujua uzito wa majina ya namna hii. Katika miaka ya 1930, wanawake Wahaya kutoka Bukoba, mkoani humo, waliofanya kazi hiyo Nairobi walijulikana kama wazi-wazi, kwa kuwa walikaa milangoni na kutaja bei hadharani. Sifa hiyo huwaangukia hata Wanyambo wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambao ni kabila tofauti. Kumbe mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha 1990, alionyesha kwamba wengi wa hao wazi-wazi walipeleka fedha nyumbani kunusuru mashamba ya familia baada ya bei ya kahawa kuanguka. Habari za shamba watangazaji huziuliza kwa nadra.