Rivabu ya gitaa la umeme

Rivabu (neno lenye asili ya Kiingereza) ni athari ya sauti inayofanya mlio wa gitaa la umeme usikike kana kwamba unatoka ndani ya ukumbi mkubwa. Gitaa la umeme huihitaji kwa sababu pikapu zake hunasa mtetemo wa nyuzi tu, bila sauti ya chumba, hivyo mlio wake huwa mkavu.

Tofauti na mwangwi

Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde. Mtu akipiga kofi mita 17 kutoka ukuta mkubwa, sauti humrudia baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, naye huisikia mara ya pili: huo ni mwangwi. Katika rivabu marudio ni mengi na hufuatana upesi mno, hivyo sikio huyasikia kama mkia mmoja unaofifia. Muda wa rivabu ni ule unaopita hadi sauti ipungue kwa desibeli 60.

Historia

Laurens Hammond wa Marekani alitumia springi kutengeneza rivabu katika vinanda vyake vya umeme. Kampuni ya Fender ilitoa kifaa cha rivabu kwa wapiga gitaa mwaka 1961, na mwaka 1963 amplifaya ya Vibroverb yenye springi ndani yake. Studio zilitumia pia bamba kubwa la chuma, kama EMT 140 ya Ujerumani ya mwaka 1957. EMT 250 ya mwaka 1976 ilitumia hesabu za kidijitali, njia inayotumika leo katika pedali nyingi na programu za kompyuta.

Mipangilio

Vifaa vya rivabu huweza kuwa na vitufe kama hivi:
- Mchanganyiko: kiasi cha rivabu dhidi ya sauti kavu.
- Muda: urefu wa mkia wa sauti.
- Ucheleweshaji wa awali: nafasi kati ya noti na mwanzo wa rivabu. Ukiongezwa kidogo, noti husikika wazi zaidi.

Kwa kawaida pedali ya rivabu huwekwa mwisho, baada ya pedali ya kukwaruza sauti. Ikitangulia, mkia nao hukwaruzwa na sauti huchafuka.

Katika muziki wa dansi

Bendi za Tanzania kama NUTA Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe (1944–1979) na DDC Mlimani Park zilijengwa juu ya magitaa kadhaa yanayojibizana: solo, ridhimu na besi. Katika mpangilio huo rivabu nyingi huleta madhara. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika una mapigo mawili kila sekunde. Mkia wa sekunde mbili hufunika mapigo manne, na majibizano ya magitaa hupotea.

Kwa hiyo solo linaweza kupewa rivabu ya wastani, ridhimu kidogo, na besi kwa kawaida huachwa kavu. Mahali pa onyesho pia huamua. Ukumbi wa kuta za tofali na paa la bati una rivabu yake wenyewe, hivyo kitufe hupunguzwa. Uwanja wa wazi, uwe wa Nachingwea au Dar es Salaam, haurudishi sauti nyingi. Hapo rivabu ya kifaa huweza kuongezwa. Ni vizuri kujaribu sauti ukiwa umesimama upande wa wasikilizaji, kwani kinachopendeza karibu na amplifaya huweza kuvurugika mbali nayo.