Somo la Historia: Dhahabu ya Kakamega

Mwenye ramani ya Kenya na atazame upande wa magharibi, kaskazini ya Ziwa Viktoria. Hapo ataona Kakamega. Karibu na mji huo pana mahali paitwapo Rosterman, na habari zake ndizo somo letu.

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria juu ya ardhi ya Waafrika. Sheria hiyo ilisema kuwa ardhi yao ni yao daima. Sehemu ikichukuliwa, wenyeji wapewe ardhi nyingine iliyo sawa nayo. Ahadi hiyo iliandikwa.

Mwaka 1931 Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, aliona dhahabu katika mchanga wa mto huko Kakamega. Siku zile bei ya mahindi na kahawa ilikuwa imeanguka, na walowezi wengi hawakuwa na fedha. Wakaja mbio kwa mamia, wakapiga mahema, wakachimba mashimo katika mashamba ya watu.

Je, wenyeji walipewa ardhi nyingine? La. Desemba 1932, Baraza la Kutunga Sheria, Nairobi, liliigeuza sheria. Sasa shamba likichukuliwa kwa ajili ya madini, mwenyewe aliweza kulipwa fedha tu. Ile "daima" haikutimiza miaka mitatu. Tena barazani hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944.

Dhahabu ya mtoni ilipopungua, wachimbaji wadogo waliondoka. Iliyobaki ilikuwa ndani ya miamba, nayo hutaka mitambo na fedha nyingi. Kampuni ya Rosterman iliichimba kwa jasho la wafanyakazi Waafrika, mpaka mgodi ukafungwa mwaka 1952. Kampuni ikaenda zake, jina likabaki. Baadaye wenyeji waliendelea kuchimba hapo kwa mikono, wakisaga mawe na kuosha unga wake.

Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yasema hivi: katika kila shilingi 100 za mrabaha, yaani malipo ya mwenye mgodi kwa serikali, shilingi 10 ni za watu wa mahali pale. Hiyo nayo ni ahadi iliyoandikwa. Ajuaye kusoma aweza kuidai.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Sheria ya mwaka 1930 iliahidi nini?
2. Kwa nini iligeuzwa upesi?
3. Katika kijiji chenu, nani huwasomea watu sheria za ardhi?

Kwaherini mpaka somo lijalo.