Kambi ya Serenli, 1916

1/ Wadau, hii maneno ya "Kaskazini ni shida ya usalama" haikuanza jana.

2/ Februari 1916, wapiganaji wa Aulihan walivamia kambi ya Waingereza huko Serenli, kando ya Mto Juba. Luteni Elliott na askari wake wengi wakauawa. Wajir nayo, penye visima, ikaachwa.

3/ Maisha ya kambi hizo yalikuwa magumu: joto, umbali, mizigo ya kubebwa na ngamia. Ngamia wa nani? Wa wafugaji walewale waliotozwa faini ya mifugo.

4/ Sheria ya 1934 ikahalalisha kuadhibu ukoo mzima kwa kosa la wachache.

5/ Mgombea akiahidi kambi zaidi, muulize: na maji je?