Harufu katika Chumba cha Uzazi: Mafuta ya Kunukia na Uchungu wa Kujifungua, kutoka kwa Soranus hadi Oxford

Utangulizi

Kiswahili hutumia neno moja, uchungu, kwa ladha ya mwarobaini, kwa huzuni ya moyo na kwa maumivu ya mwanamke anayejifungua. Taarifa za kitabibu za Uingereza kuhusu matumizi ya mafuta ya kunukia wakati wa kujifungua hazina neno lenye upana huo. Ndani yake maumivu hupimwa kwa namba anayoitaja mzazi mwenyewe, au kwa wingi wa dawa alizopewa. Tofauti hii si ya lugha tu. Inagusa swali ambalo makala haya yanalichunguza: je, mkunga aliyempaka mzazi mafuta ya lavenda mgongoni alikuwa anatoa dawa, au alikuwa anafanya jambo jingine ambalo vipimo vya dawa haviwezi kulishika?

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba, katika vyanzo vilivyochunguzwa, harufu imekuwa sehemu ya kazi ya kumhudumia mzazi, na kwamba ushahidi juu yake ulianza kuonekana dhaifu pale ilipotenganishwa na kazi hiyo ili ipimwe peke yake. Hoja hii haisemi kwamba mafuta hayo hayana nguvu yoyote ya kikemikali, wala haisemi kwamba yanayo.

Vitu vya kunusa katika kitabu cha Soranus

Soranus wa Efeso alikuwa tabibu aliyefanya kazi Roma wakati wa utawala wa Trajan na Hadrian, yaani mwanzoni mwa karne ya 2. Kitabu chake juu ya magonjwa ya wanawake na uzazi kiliandikwa kwa Kigiriki, na sehemu yake kubwa inazungumza na mkunga au juu ya mkunga. Anapoeleza maandalizi ya kuzalisha, anataja mafuta ya zeituni, maji ya moto, vitambaa vyenye joto vya kukandia, sifongo laini za baharini, sufu, bendeji, mto, kiti cha kuzalia, vitanda viwili, na vitu vya kunusa. Vitu hivyo vya kunusa ni vya kawaida kabisa: aina ya mnanaa wa mwitu, bonge la udongo, shayiri iliyokobolewa, tofaa, na ikiwa ni msimu wake, tikiti na tango. Kazi yake ni kumrudishia mzazi nguvu.

Orodha hiyo inastahili kusomwa taratibu. Bonge la udongo na tango havina harufu kali, wala havikuwa bidhaa za thamani zilizoletwa kwa majahazi kutoka mbali. Ni vitu vya jikoni na vya uani. Zaidi ya hayo, Soranus huyo huyo ndiye aliyeipinga vikali imani iliyoenea katika tiba ya Kigiriki kabla yake, kwamba mji wa mimba hutembea mwilini kama mnyama, hukimbia harufu mbaya na kufuata harufu nzuri. Waliokuwa na imani hiyo waliwafukiza wanawake kwa vitu vinavyonuka vibaya puani na vinavyonukia vizuri chini, ili kuurudisha mji wa mimba mahali pake. Soranus aliikataa tiba hiyo. Kwa hiyo tabibu aliyekanusha kwamba harufu inauamuru mji wa mimba ndiye pia aliyeiweka harufu miongoni mwa mahitaji ya lazima ya uzazi. Alitenganisha mambo mawili ambayo waandishi wengi wa baadaye waliyachanganya: harufu kama kani inayotenda juu ya kiungo, na harufu kama kiburudisho cha mtu.

Katika mafundisho hayo hayo anaagiza wawepo wanawake watatu wa kusaidia, wawili ubavuni na mmoja nyuma ya mzazi, wenye uwezo wa kuituliza hofu yake kwa upole, hata kama wao wenyewe hawajawahi kuzaa. Tofaa na wanawake watatu vimo katika mpango mmoja.

Dawa za ganzi na mkunga wa Uingereza

Kutoka Roma ya Soranus tunaruka hadi karne ya 19, si kwa sababu katikati hapakuwa na kitu, bali kwa sababu mgogoro unaotuhusu ulizaliwa wakati huo. Mwaka 1847 James Young Simpson wa Edinburgh alianza kutumia klorofomu kwa wazazi, na mwaka 1853 John Snow alimpa Malkia Victoria dawa hiyo alipomzaa Leopold. Kwa mara ya kwanza maumivu ya kuzaa yalipata dawa inayoweza kupimwa kwa kipimo na matokeo yake kuonekana kwa dakika. Inafaa kukumbuka kwamba klorofomu nayo ilivutwa kwa pua, ikiwa na harufu tamu. Hata hivyo hakuna aliyeiita tiba ya harufu, kwa kuwa ilikuwa mali ya daktari.

Mkunga wa Uingereza alifikiwa na njia hizo kwa kuchelewa, na kwa ruhusa. Mtambo wa Robert Minnitt wa Liverpool, uliochanganya gesi ya nitrasi oksidi na hewa, ulibuniwa mwaka 1933 na kuidhinishwa kwa wakunga na bodi yao kuu mwaka 1936. Pethidini, dawa ya jamii ya afyuni iliyotengenezwa Ujerumani na kuelezwa mara ya kwanza mwaka 1939, iliruhusiwa kutolewa na wakunga bila daktari kusimama karibu mwaka 1950. Baadaye ilikuja sindano ya ganzi ya uti wa mgongo, ambayo ilimrudisha daktari wa usingizi kando ya kitanda. Kwa mkunga wa miaka ya 1980, basi, pethidini ndiyo ilikuwa dawa yake yenye nguvu zaidi, nayo ilikuwa na kasoro inayojulikana: hupita kondo la nyuma, na mtoto aweza kuzaliwa akiwa mzito wa kupumua na mvivu wa kunyonya. Kila mbadala uliopendekezwa ulipimwa kwa kulinganishwa nayo. Hali hii ndiyo iliyoamua namna tiba kwa manukato ingekuja kusomwa.

Jina lenyewe la tiba hiyo lilitoka Ufaransa. René-Maurice Gattefossé, mkemia wa manukato wa Lyon, alilitumia kama jina la kitabu chake cha mwaka 1937. Hadithi inayosimuliwa mara kwa mara, kwamba aliungua na kwa bahati akatumbukiza mkono katika chombo cha lavenda, haina msingi katika maelezo yake mwenyewe. Aliungua katika maabara mwaka 1910, vidonda vikashikwa na uozo, naye akavisafisha kwa mafuta ya lavenda akijua anachokifanya. Jean Valnet, daktari wa jeshi, aliyaendeleza matumizi hayo kama tiba ya daktari. Marguerite Maury ndiye aliyesisitiza kuyachanganya kwa kiasi kidogo katika mafuta mengine na kuyapaka kwa kukanda mwili, na njia hiyo ndiyo iliyoota mizizi Uingereza, hasa baada ya Robert Tisserand kuchapisha kitabu chake mwaka 1977. Kwa mkunga tofauti hiyo ilikuwa kubwa, kwa sababu kukanda kulikuwa tayari ni kazi ya mikono yake, wala hakukuhitaji ruhusa ya daktari.

Oxford, 1990 hadi 1998

Mradi mkubwa kuliko yote iliyochapishwa katika karne ya 20 ulifanyika katika hospitali ya kufundishia ya John Radcliffe, Oxford. Kati ya mwaka 1990 na 1998 wazazi 8,058 walitumia mafuta ya kunukia wakati wa uchungu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000 na Ethel Burns na wenzake. Mafuta yalikuwa ya aina kumi: waridi, yasmini, kamomili, mkaratusi, limau, chenza, klari seji, ubani, lavenda na mnanaa. Yalitumiwa kwa kupakwa mwilini na kwa kuvutwa puani.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atasimama kidogo kwenye neno ubani. Utomvu huo wa miti ya Somalia na ya kusini mwa Uarabuni, ukiwemo mkoa wa Dhofar wa Oman, ndio unaowekwa katika vyetezo vya nyumba zetu, na chumba cha mzazi hufukizwa kwao. Ushawishi wa kudai kwamba Oxford iligundua upya kilichojulikana pwani ni mkubwa, lakini unapaswa kuzuiwa. Buhuri ya pwani humfuata mama na mtoto baada ya kuzaa, na hubeba maana za usafi, heshima na kinga. Mafuta ya Oxford yalitolewa kabla ya kuzaa, dhidi ya maumivu na hofu. Mti ni wa jamii moja. Desturi ni mbili.

Zaidi ya nusu ya wazazi walisema mafuta yaliwasaidia, na asilimia 14 walisema hayakuwasaidia. Dalili mbaya zilizohusishwa nayo ziliripotiwa kwa kiasi cha asilimia 1. Theluthi hivi walikuwa wameanzishiwa uchungu kwa njia za kitabibu, maana yake hawakuchaguliwa wale wenye uzazi mwepesi peke yao. Lakini takwimu iliyonukuliwa kuliko zote ni ya pethidini: katika miaka ya mradi, matumizi yake katika kituo hicho yalishuka kutoka asilimia 6 hadi asilimia 0.2 ya wanawake.

Takwimu hiyo inahitaji uhakiki ambao mara nyingi haupewi. Kwanza, inaihusu wodi, si chupa ya mafuta. Haionyeshi kwamba mzazi fulani aliacha pethidini kwa sababu ya lavenda. Pili, asilimia 6 ya mwanzo ilikuwa tayari ni ndogo. Kituo hicho kilikuwa kimeanza kuiacha dawa hiyo. Tatu, na hili ndilo zito, miaka hiyo ndiyo miaka ambayo ukunga wa Uingereza ulikuwa unadai upya nafasi yake. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Nicholas Winterton ilitoa taarifa yake mwaka 1992, na mwaka 1993 ikafuata taarifa ya serikali iliyotaka mwanamke awe na uamuzi juu ya uzazi wake na amjue mkunga anayemhudumia. Wodi inayofundisha wakunga wake kukaa, kukanda na kuuliza mzazi anapenda harufu ipi ni wodi iliyokwisha kubadilika. Miongoni mwa vipimo vikuu vya utafiti vilikuwamo maoni ya mzazi, matokeo ya uzazi, matumizi ya dawa, dalili mbaya na gharama. Muda ambao mkunga alikaa na mzazi haukuwa miongoni mwa vipimo hivyo.

Simwoni Burns kuwa mwenye kosa hapa. Mkunga wa mwaka 1990 aliyetaka kazi yake iheshimiwe hospitalini hakuwa na lugha nyingine ila ile ya vipimo vya dawa. Aliitumia vizuri, na lugha hiyo ikawa mtego wake.

Majaribio yaliyofuata

Mtego ulifunga taratibu. Burns na wenzake walifanya jaribio la awali huko Italia, lililochapishwa mwaka 2007, ambamo wanawake waligawanywa kwa nasibu: 251 wakapewa mafuta na 262 wakapata huduma ya kawaida. Hapakuonekana tofauti ya maana katika upasuaji wa uzazi wala katika njia nyingine za kujifungua. Waliozaa kwa mara ya kwanza walihisi maumivu machache zaidi katika kundi la mafuta. Watoto sita wa kundi la ulinganisho walihamishiwa wodi ya uangalizi maalumu, na hakuna hata mmoja wa kundi la mafuta. Lakini waandishi wenyewe walikiri kwamba idadi ya washiriki haikutosha kutoa hukumu. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2011 yalipata majaribio mawili tu ya kuingiza, jumla ya wanawake 535. La pili, la New Zealand, lilikuwa na wanawake 22 na lililinganisha mafuta ya tangawizi na ya mchaichai katika maji ya kuoga, yaani harufu dhidi ya harufu. Mapitio hayakuona tofauti katika ukali wa maumivu wala katika matumizi ya dawa, yakasema utafiti zaidi unahitajika.

Haya yakilinganishwa na mapitio mengine ya Cochrane, ya mwaka 2017, kuhusu mzazi kuwa na mtu wa kumtegemeza mfululizo wakati wa uchungu, tofauti ni kubwa. Humo mna tafiti 26 na wanawake zaidi ya 15,000, na matokeo yanaelekea upande mmoja: wenye mtu wa kukaa nao walizaa kwa njia ya kawaida zaidi na walitumia dawa za maumivu kwa uchache zaidi. Kinachopungua pale harufu inapopimwa peke yake ndicho kinachoonekana pale uwepo wa mtu unapopimwa.

Mwongozo wa taifa wa Uingereza wa mwaka 2014 kuhusu huduma wakati wa kujifungua ulielekeza kwamba tiba kwa manukato isitolewe wala isishauriwe kwa ajili ya kupunguza maumivu katika kipindi cha mwanzo kabisa cha uchungu, na papo hapo ukaagiza kwamba mwanamke akitaka kuitumia, matakwa yake yaheshimiwe. Kwa mkunga maana yake ni kwamba chupa haiwezi kutoka mkononi mwake kama pendekezo, ila yaweza kutoka katika mkoba wa mzazi. Ni agizo linaloeleweka kwa dawa isiyothibitishwa. Kwa tofaa la Soranus, na kwa wanawake watatu waliosimama pamoja nalo, mwongozo huo haukuwa na kifungu.