Boi ana wajukuu watano

Ninaishi kwenye SQ huku Spring Valley, nyuma ya nyumba kubwa ambayo sijawahi kuingia. Chumba kimoja, choo, sinki. Matangazo ya kodi hayakuambii SQ ni kifupi cha nini, na wengi wetu hatuulizi: servants' quarters, makao ya watumishi. Kampala wanasema boys' quarters, basi.

Jirani yangu wa mlango wa pili ana wajukuu watano. Mimi humwita Mzee. Mwenye nyumba humwita shamba boy. Siku zote nilidhani tusi liko hapo, mtu mzima kufanywa mtoto. Halafu nikafuatilia hilo neno nikakuta nilikuwa nimelishika mkia.

Katika Kiingereza cha karne ya 13, boy alikuwa mtumishi, mtu wa chini. Maana ya mtoto wa kiume ilikuja baadaye. Kwa hivyo walowezi hawakulipinda neno; walilirudisha kazini. Asili yake bado inabishaniwa. Kuna wanaolifikisha hadi Kilatini, boiae, pingu za shingoni, na kuna wanaokataa. Mimi si mwanaisimu, lakini hiyo shingo ilininyima usingizi.

Kwa sababu hapa Kenya, sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 kubeba kipande: alama za vidole, jina la tajiri wake, mshahara wake. Kilitiwa ndani ya kikopo cha chuma, kikaning'inizwa shingoni. Harry Thuku alikipinga, akakamatwa, na Machi 1922 watu waliokusanyika hapa mjini kudai aachiliwe wakamiminiwa risasi. Mitaa ya upande huu ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika alilala huku akiwa mtumishi tu, kwa vyumba kama changu.

Kiswahili nacho kikalimeza: boi, maboi. Kwa hilo letu umri haumo kabisa. Boi ni kazi.

Juzi nikamuuliza Mzee kama linamuuma. Alikuwa anapunguza kayaba. Akasimamisha panga, akanitazama.

"Boi ni mtu wa ndani, kijana. Anapika, anakula kile wao wanakula. Mimi sijawahi fika hapo. Hiyo nyumba nimeingia mara mbili, yote kubeba makochi."

Akarudi kwa fensi yake.